Bugando: Mlima Wanakopimiwa Watoto Kasi ya Damu

Mgeni anayefika Mwanza huonyeshwa mawe kwanza. Ataonyeshwa Jiwe la Bismarck, lililosimama ukingoni mwa ziwa kana kwamba kuna mkono uliolipanga. Ataonyeshwa majabali ya Capri Point, na vijumba vilivyong'ang'ania miamba ya Mabatini na Igogo, ambako ngazi za mawe ndizo barabara. Lipo jambo moja ambalo hakuna anayejisumbua kumwonyesha, kwa kuwa halifichiki. Akiinua macho kutoka katikati ya mji ataliona jengo la ghorofa nyingi lililokaa juu ya mlima kama meli iliyokwama kileleni. Hiyo ndiyo Hospitali ya Bugando.

Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata Serikali ililitaifisha, na mwaka 1985 likarejeshwa mikononi mwa Kanisa Katoliki, ambalo hadi leo huliendesha kwa kushirikiana na Serikali. Ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa yote. Wagonjwa wake hutoka Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga, na katika visiwa ambavyo majina yake hayamo katika ramani za shule. Na kupanda Bugando ni kupanda kweli. Mwenye nauli hupanda pikipiki, asiye nayo hutumia miguu, na asubuhi njia ya mlimani huwa na akina mama wanaokwenda polepole, wameegemea mbele, mtoto mgongoni, bahasha ya karatasi za hospitali mkononi.

Wengine kati ya watoto hao wanaobebwa mgongoni wamekwisha kupita umri wa kubebwa. Ukiwatazama kwa makini utaona macho yenye umanjano, miguu myembamba, na tumbo lililovimba upande wa kushoto kwa sababu ya bandama. Hao ni watoto wa sikoseli, au selimundu kama wataalamu wa lugha walivyoamua tuiite. Habari za maumivu yao ya mifupa zinajulikana katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa. Mama yeyote aliyekesha na mtoto anayelia kwa viungo anaweza kuyaeleza kuliko gazeti. Makala haya yanahusu jambo jingine ambalo ugonjwa huo humfanyia mtoto, tena mara nyingi bila kilio chochote. Yanahusu ubongo wake.

Kwanza tuseme kidogo juu ya ugonjwa wenyewe. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo na laini, hupenya katika mishipa myembamba kama samaki mdogo anavyopenya katika nyavu. Ndani yake mna himoglobini, inayochukua hewa ya oksijeni. Mtoto wa sikoseli amerithi himoglobini ya namna nyingine, ambayo ikishaachia oksijeni hugandamana na kuikunja chembe yote iwe na umbo la mundu. Chembe hizo ni ngumu, hunata, na hufa mapema. Ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu siku zote, na ndiyo maana mishipa yake huumia kutoka ndani.

Kwa nini ugonjwa huu ni mwingi kandokando ya ziwa hili? Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo, akaona jambo lililomshangaza. Watu wa pwani na wa ukanda wa Ziwa Viktoria walikuwa na chembe za mundu kwa wingi, lakini watu wa nyanda za juu zenye baridi hawakuwa nazo ila kwa nadra. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: palipo na malaria nyingi ndipo penye sikoseli nyingi, kwa sababu mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hakingiki na kila homa, lakini hakingiki bure dhidi ya malaria kali, yaani ana kinga ambayo jirani yake hana. Baadaye alipima pia watu wa Musoma, upande wetu wa ziwa, na takwimu zake za Musoma zimefundishwa vyuo vikuu vya dunia nzima. Kwa hiyo mbu wa ziwa hili amekuwa akichagua nani aishi kwa maelfu ya miaka, na mali aliyowaachia wenyeji ni hii. Vipimo vya watoto wachanga wa Kanda ya Ziwa vimeonyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 5 huzaliwa na jeni moja, na zaidi ya mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na jeni mbili, yaani na ugonjwa wenyewe.

Mwenye jeni moja haumwi. Hulima, huvua, hucheza mpira, huoa. Siku akikutana na mwenzake mwenye jeni moja kama yeye, kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Hapa lazima tuseme wazi jambo ambalo wanaume wengi hawapendi kulisikia. Mtoto wa sikoseli hakuletwa na mama peke yake. Haiwezekani. Baba aliyetoa nusu ya ugonjwa, kisha akamrudisha mke kwao kwa madai kwamba ukoo wa mke una mkosi, amesema uongo kwa damu yake mwenyewe, na kipimo kidogo cha maabara kingetosha kumwonyesha hivyo.

Sasa turudi kwenye ubongo. Ubongo ni mlaji mkubwa wa oksijeni kuliko kiungo kingine cha ukubwa wake, na wa mtoto ni mlaji zaidi. Damu inapokuwa pungufu, moyo husukuma kwa nguvu ili kile kidogo kilichopo kizunguke upesi. Wakati huohuo kuta za mishipa mikubwa inayoingia kichwani zinazidi kuumizwa na zile chembe ngumu, zinanenepa kwa ndani, na njia inakuwa nyembamba. Aliyewahi kumwagilia bustani kwa mpira anajua kitakachofuata. Ukiubana mdomo wa mpira kwa kidole, maji hutoka kwa kasi. Damu nayo hukimbia katika mshipa uliobanwa, mpaka siku mshipa huo unapoziba, na upande mmoja wa ubongo unakosa chakula.

Hicho ni kiharusi. Wasomaji wengi wamezoea kulisikia neno hili likitajwa pamoja na wazee na shinikizo la damu. Kwa mtoto wa sikoseli, miaka ya hatari zaidi ni ile ya kati ya 2 na 5, umri wa kujifunza kuhesabu na kuruka kamba. Takwimu zilizokusanywa Marekani kabla ya kuwapo kinga zilionyesha kwamba kati ya watoto 100 wenye aina kali ya ugonjwa huu, 11 walipata kiharusi kabla ya kufikisha miaka 20. Mtoto aliyelala mzima huamka mdomo umekwenda upande. Au huangusha kikombe cha uji, akajaribu kukiokota, mkono ukakataa. Au anaitwa, anasikia, anataka kuitika, na neno haliji.

Katika nyumba zetu dalili hizo zina majina mengine. Huitwa degedege, huitwa jini, huitwa kutupiwa kitu na jirani mwenye husuda. Mwandishi huyu hana nia ya kuwacheka wazee kwa majina hayo, maana jambo linalompiga mtoto mzima asubuhi moja bila homa linahitaji maelezo, na kwa karne nyingi hapakuwa na mwingine wa kuyatoa. Lakini saa zinazotumika kumpeleka mtoto kwa mganga wa kienyeji na kurudi ni saa ambazo ubongo hauzirudishi. Aidha mtoto aliyepata kiharusi kimoja bila kutibiwa, uwezekano wa kupata cha pili ni mkubwa sana, na mara nyingi hutokea katika miaka miwili au mitatu inayofuata.

Kuna kiharusi kingine kisichopiga hodi kabisa. Madaktari hukiita kiharusi cha kimya. Mtoto halegei, hapindi mdomo, haanguki. Kipande kidogo tu cha ubongo kimekufa, na picha za mashine kubwa ndizo zinazoweza kukionyesha. Wataalamu wanakadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wenye aina kali ya sikoseli huwa wamepata kiharusi cha namna hiyo kabla ya kufikisha miaka 18. Anayekigundua kwanza, bila kujua alichokigundua, ni mwalimu wa darasa. Mwanafunzi aliyekuwa wa tano sasa ni wa arobaini. Anasahau alichotumwa. Anaacha hesabu katikati, anatazama dirishani. Watoto wangapi wamechapwa kwa uvivu huo? Hakuna daftari la shule linaloweza kutujibu.

Na hapa ndipo mlima wa Bugando unapokuwa na habari ya kuwapa wazazi, habari ambayo haikuwapo walipozaliwa wao. Kiharusi cha mtoto wa sikoseli kinaweza kuonekana kinakuja.

Chombo chenyewe ni kidogo. Ni kifaa cha mawimbi ya sauti, ndugu wa kile kinachotumiwa kuwapima wajawazito, isipokuwa chenyewe huwekwa kwenye paji la upande, mbele ya sikio, mahali ambapo mfupa wa fuvu ni mwembamba. Hupakwa mafuta mazito ya baridi, mtoto hushtuka kidogo, basi. Hakuna sindano. Mtaalamu husogeza kifaa taratibu akiutafuta mshipa, na anapoupata, chumba kizima husikia damu ya mtoto ikipita, fyuu, fyuu, fyuu, kama upepo unaopita tangani. Mashine huandika kasi yake kwa sentimeta kwa sekunde.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni kumtuliza mtoto. Kilio huharibu hesabu, na usingizi nao huharibu hesabu. Mtoto anatakiwa awe macho na awe mtulivu, jambo ambalo mzazi yeyote anajua kwamba halipatikani kwa amri. Basi hapo utamkuta mtu aliyesoma miaka mingi akimchezesha mtoto mdoli kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika kifaa. Muuguzi aliyemsalimu mama mlangoni kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayo," sasa anamwomba akae mahali ambapo mwanawe ataweza kumwona uso.

Kasi ikiwa chini ya 170, mama huambiwa arudi kwa kipimo kingine wakati wake ukifika. Ikiwa kati ya 170 na 199, mtoto yumo njiani kuelekea hatari. Ikifika 200 au zaidi, basi katika watoto 100 wa namna hiyo wasiotibiwa, 10 hivi watapata kiharusi ndani ya mwaka mmoja. Namba hizi hazikubuniwa tu. Zilithibitishwa Marekani katika utafiti wa watoto 130 uliochapishwa mwaka 1998, ambao ulionyesha kwamba watoto wenye kasi ya 200 na zaidi wakiongezewa damu kila mwezi, viharusi hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Utafiti huo ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikuwa dhahiri mno kuendelea kuwanyima nusu ya watoto. Tangu hapo katika nchi tajiri mtoto wa sikoseli hupimwa hivyo kila mwaka, tangu anapofika miaka 2 hadi 16.

Kwetu sisi, kuongezewa damu kila mwezi kwa miaka mingi ni rahisi kuandika kuliko kutenda. Akiba yetu ya damu hutegemea sana wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa chupa hupungua. Damu ya mara kwa mara pia hujaza mwili chuma, na chuma hicho nacho kinataka dawa yake, ambayo ni ya gharama. Kwa hiyo njia iliyotazamiwa kwa Afrika ni nyingine, nayo ni kidonge.

Dawa hiyo inaitwa haidroksiyurea. Ilitengenezwa mara ya kwanza katika maabara mwaka 1869, ikasahauliwa, ikatumika baadaye kwa saratani, kisha ikaonekana kuwa na tabia moja ya ajabu. Mtoto akiwa tumboni huwa na himoglobini ya pekee, ya kitoto, isiyokunja chembe kamwe. Ndiyo maana mtoto wa sikoseli huonekana mzima kabisa katika miezi yake ya kwanza. Himoglobini hiyo hufifia baada ya kuzaliwa. Haidroksiyurea huuamsha mwili uitengeneze tena. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watoto 606 katika nchi 4 za Afrika, zikiwamo jirani zetu Kenya, Uganda na Kongo, na hofu kubwa ya wakati ule ikaondoka. Watu waliogopa kwamba dawa hiyo ingewadhoofisha watoto wanaoishi katika malaria. Ikawa kinyume. Maumivu yalipungua, malaria ilipungua kwa kiasi cha nusu, vifo vilipungua.

Mwaka huohuo wa 2019 Bugando, ikishirikiana na madaktari wa hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, ilianza kuwapima watoto 202 wa Kanda ya Ziwa kwa kifaa tulichokieleza. Karibu robo yao walikutwa na kasi iliyopita kiwango. Hebu tulitafakari neno hilo robo. Hawa hawakuwa watoto waliolazwa wakiwa na kiharusi. Walikuja kwa miguu yao, wakacheza ukumbini, na mtoto 1 kati ya 4 alikuwa amebeba kichwani jambo ambalo mzazi wake asingelijua bila kile kifaa. Walianzishiwa kidonge, na baada ya mwaka mmoja kasi ya damu ya wengi wao ilikuwa imeshuka.

Basi ugumu uliobaki ni safari. Bugando iko juu ya mlima, na ziwa liko chini yake, na watoto wako ng'ambo. Kwa miaka mingi mtu wa Sengerema au Geita aliyetaka kufika Mwanza alisimama Busisi akingoja kivuko, na mgonjwa alingoja pamoja na magari ya mizigo. Hilo limekwisha. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni, 2025, na sadfa iliyoje, tarehe 19 Juni ndiyo Siku ya Sikoseli Duniani. Hakuna aliyeipanga hivyo, lakini mama wa Geita mwenye mtoto wa sikoseli anayo haki ya kuihesabu siku hiyo kuwa yake.

Mtu wa Ukerewe hana daraja. Atapanda meli Nansio, safari ya saa tatu hivi hadi Mwanza, au atavuka kwa kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya na kuzunguka kwa basi kupitia Bunda. Wa visiwa vidogo huanza safari kwa mtumbwi kabla hajaifikia hiyo meli. Siku moja ya kliniki kwake ni siku mbili au tatu za shamba na biashara ya dagaa, nauli mbili, na mahali pa kulala kwa ndugu wa Kirumba ambaye naye nyumba imemjaa. Tena dawa hii haitolewi mara moja ikaisha. Hunywewa kila siku, na damu hupimwa kila baada ya muda, kwa sababu kipimo kikizidi huweza kushusha chembe nyeupe zinazopigana na maradhi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, fedha itakayopeleka vifaa na wataalamu Nansio, Bunda na Sengerema itazaa zaidi kuliko fedha ya kuongeza ghorofa Bugando, na wapo madaktari wa Bugando wenyewe ambao hawatagombana na maneno haya.

Msomaji wa Dar es Salaam asifikiri habari hii ni ya watu wa ziwani tu. Pwani nayo ilikuwa na mbu wake. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2004 kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wa sikoseli, kazi iliyomletea Profesa Julie Makani tuzo ya Royal Society ya Uingereza mwaka 2011, na inakadiriwa kwamba nchini mwetu huzaliwa watoto 11,000 hivi wenye ugonjwa huu kila mwaka. Wengi wao huzaliwa mbali na Muhimbili, na mbali na Bugando.

Alasiri, bandari ya Mwanza Kaskazini hujaa watu wa visiwani. Kuna magodoro yaliyofungwa kwa kamba, ndoo za plastiki, kreti za soda, kuku. Mama mmoja wa Ukerewe aliyeshuka mlimani mchana alikuwa ameketi juu ya kiroba cha mchele, mwanawe wa miaka sita akihesabu boti kwa sauti. Kasi yake ilikuwa 184 mwaka jana, na sasa ni 151. Mama alizitaja namba hizo bila kutazama kadi. Vidonge vya miezi mitatu alikuwa amevifunga katika pembe ya kanga pamoja na nauli. Alipoulizwa ni kitu gani kinachompa taabu zaidi, hakutaja mlima wala meli. Alisema ni majirani, wanaomwuliza kila asubuhi kwa nini anamnywesha dawa mtoto ambaye haumwi.